Pikiniki Mtwara: usitafute maporomoko, uliza maji yanajaa saa ngapi

Mkuu, umeuliza kama Mtwara au Lindi kuna bustani ya mjini yenye maporomoko ya maji, pa kuwapeleka watoto Jumapili na mkeka na hotpoti la pilau, kama ulivyoona Karura kule Nairobi. Nakujibu mapema usije ukamaliza mafuta bure: hakuna. Nimeshaumwa ugonjwa huohuo, najua dawa yake.

Mimi Karura nilipelekwa na shemeji. Tulipofika getini tukasimamishwa na katoni letu la maji. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye misitu na hifadhi zake, na chupa za maji zimo. Basi tukasimama pale tunakunywa, chupa baada ya chupa, kama ng'ombe waliofika kisimani, watoto wanacheka mpaka wanapaliwa. Ndani ni msitu wa kama hekta 1,000 katikati ya jiji, na ungeshageuzwa majumba kama mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wasingekubali kupigwa kwa ajili yake mwaka 1999. Maporomoko yenyewe si ya kutisha, ila ukisogea unapata ule unyevunyevu usoni, na lazima mpaze sauti ili msikilizane. Wanangu hawakukumbuka kingine. Tuliporudi swali likawa moja: baba, ya kwetu iko wapi?

Ya kwetu haiko kwa sababu ya ardhi. Ukipanda Newala, uwanda wa Makonde uko juu kweli, na pale Shimo la Mungu ukisimama ukingoni unaona bonde linashuka kuelekea mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Ungetegemea maji yanadondoka pale. Wapi! Udongo wa juu ni kichanga, mvua inazama palepale, chemchemi zinakuja kutokea chini mabondeni. Mzee mmoja wa huko aliniambia mama yake alikuwa akishuka mteremko alfajiri na mtungi, anarudi jua limeshachoma. Kwa hiyo Shimo la Mungu nenda kwa ajili ya kuangalia na upepo, beba maji yako, na mtoto mdogo mshike mkono muda wote. Si mahali pa kumwacha akimbie.

Pikiniki ya kukaa na kula ni baharini, na hapa ndipo wageni wengi wanakosea, mimi mwenyeji nikiwa wa kwanza. Siku moja tulifika ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara mjini, saa tano asubuhi, bahari imekupwa mbali huko, mchanga mweupe mtupu, kuna ngalawa mbili zimelala ubavu. Nikaona hapa ndipo. Tukatandika mkeka kando ya ngalawa, kivuli cha bure. Sikujiuliza ngalawa zimefikaje pale. Saa nane hivi mke wangu ananiambia mkeka umelowa, namwambia ni juisi imemwagika. Nikigeuka, hotpoti linaondoka taratibu kama mtumbwi, pilau ndani, na kijana mwenye ngalawa amesimama hana hata haja ya kucheka.

Siku ile ilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, halafu hujaa tele kwenye saa kumi jioni. Baada ya wiki moja ni maji mafu: hayaendi mbali, hayaji juu sana, na saa zinageuka, asubuhi ndiyo yanakuwa yamejaa. Kwa watoto wa kuogelea mimi nachagua maji mafu. Kwa watoto wa kuokota kombe na kufukuza kaa, bamvua, ila mkeka unakaa juu ya ule mstari wa majani makavu yaliyoachwa na bahari. Mstari huo haudanganyi.

Ukiwa na gari, nenda Msimbati. Unapita Madimba penye mitambo ya gesi, unafika kwenye mivinje na mchanga ambao wa Shangani haufui dafu mbele yake. Ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo jiandae na kiingilio, na usiokote matumbawe ukadhani ni ya kupambia sebule. Katikati ya mwaka upepo wa kusi ukivuma mchanga unaingia kwenye wali, usitegemee mfuniko wa kitambaa.

Wa Lindi mjini nyie mna bahati, mnavuka kwa boti kwenda Kitunda, na ule uvukaji kwa watoto ni pikiniki tosha.

Chakula usihangaike sana. Pilau lipo, lakini nunua ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, iliyochemshwa, kwa akina mama, na chumvi ya pilipili pembeni. Wanangu wale waliolilia maporomoko sasa wanagombea ming'oko ya mwisho.

Taja tarehe unayotaka kwenda, nikuhesabie maji.