Maswali yenu ya piano: mkono wa kushoto mnauacha wapi?

Tangu niandike kuhusu maonyesho ya mpiga piano akiwa peke yake jukwaani, yale yanayofunguliwa kwa kazi za watunzi kama Bach au Scarlatti na kufungwa kwa Chopin au Liszt, ujumbe wenu haujakoma. Nimechagua wenye faida kwa wengi. Mlioniuliza bei ya kinanda cha umeme cha mtumba, mmebisha mlango usio wake.

Tupige makofi wakati gani? (Msomaji, Dodoma)

Mpigaji akishainuka kwenye kiti. Mikono yake ikiwa bado iko juu ya piano, ya kwako ibaki mapajani.

Mwalimu, kati ya wapiga piano wa sasa, nani ana kasi kuliko wote? (Nairobi, Kampala, Mwanza, na wengine)

Hili linakuja kila mara na jibu langu ni lile lile: sijui na sijali. Anayetaka kasi aende Iten akawatazame wakimbiaji asubuhi, burudani ipo na haina kiingilio. Fuga ya Bach ina sauti tatu au nne zinazoingia kwa zamu, kila moja na wimbo wake. Ukiikimbiza, msikilizaji hawahi kujua nani kaingia na nani katoka, anabaki kusifia vidole.

Na ninyi mnaowashindanisha watoto kwa video za "nani mwepesi", angalieni. Robert Schumann aliharibu mkono wake wa kulia akiwa kijana, na ndoto ya kuwa mpiga piano wa jukwaani ikafia pale pale. Bahati yake alikuwa na kipaji cha kutunga. Mwanao anacho?

Bach aliandika kwa ajili ya hapsikodi. Kumpiga kwenye piano si kumkosea heshima? (Unguja)

Wewe uliyelelewa na taarabu utanielewa upesi. Hapsikodi, kinanda kilichotangulia piano, hudonoa nyuzi, kama ile kanuni ya taarabu. Tofauti ni kwamba mpiga kanuni ana rishi vidoleni mwake, akitaka kunong'ona ananong'ona. Wa hapsikodi ametenganishwa na uzi kwa mtambo wa mbao: abonyeze kwa nguvu, abonyeze kwa huruma, kile kipande cha unyoya kinadonoa vile vile na sauti haibadiliki ukubwa. Piano, ambayo Bartolomeo Cristofori aliibuni Florence karibu mwaka 1700, hupiga uzi kwa nyundo, na nyundo inamtii mkono.

Bach hakuwa na wivu wa vyombo. Alichukua konseto za Vivaldi zilizoandikwa kwa fidla akazihamishia kwenye kinanda. Mwaka 1747, alipomtembelea mfalme Frederick kule Potsdam, alizipiga piano za mfalme zilizotengenezwa na fundi Silbermann. Kwa hiyo suala la heshima liacheni.

Ugomvi wangu uko kwenye pedali. Ile ya kulia huinua vizimio vyote (vile vinavyonyamazisha nyuzi), nyuzi zikaachwa ziendelee kulia. Katika Chopin hapo ndipo penye uhai: besi unaigusa mara moja, mkono unahama kwenda kwenye kodi (nota zinazopigwa kwa pamoja) za katikati, na besi inaendelea kuimba chini wakati kidole kimeshaondoka. Katika fuga, pedali hiyo hiyo inachanganya sauti zote nne zikawa uji. Mpiga piano András Schiff ameshampiga Bach bila kuigusa kabisa. Mimi singefika huko, lakini nikilazimishwa kuchagua, nampendelea huyo kuliko anayeikanyaga kama breki ya daladala.

Nina rekodi mbili za variesheni za Goldberg. Moja ina dakika 38, nyingine zaidi ya 75. Nimeuziwa iliyokatwa? (Arusha)

Hujaibiwa. Kazi hii ya Bach, iliyochapwa mwaka 1741, ina aria (kipande cha kufungulia), variesheni 30 (kipande hicho kikirudi kwa sura mpya), kisha aria ile ile tena. Kila kipande kina nusu mbili, na kila nusu ina alama ya kurudiwa. Anayetii alama zote huchukua saa moja na robo na ushee. Mpiga piano Glenn Gould, katika rekodi aliyoipiga New York mwaka 1955, aliziruka, akamaliza kwa dakika 38 hivi. Mwaka 1981 alirudi kwenye kazi hiyo hiyo akatumia dakika 51, kwa sehemu kwa sababu alipunguza mwendo, kwa sehemu kwa sababu alirudia baadhi ya nusu. Rekodi zote mbili ni za studio; jukwaa aliachana nalo mwaka 1964.

Sasa nikuambie usichouliza. Wengi hungoja kuusikia wimbo wa aria ndani ya variesheni, wakiukosa wanasema Bach kapotea njia. Wanatafuta juu. Variesheni zote 30 zimejengwa juu ya besi ya aria na mpangilio wake wa kodi, yaani kile kinachotembea chini. Chukua ya 25. Mwendo ni wa taratibu, giza tupu, mkono wa kulia unalia peke yake huko juu kwa miruko mirefu. Wote humsikiliza huyo. Lakini kushoto kuna sauti mbili, na ya chini kabisa inashuka hatua moja fupi baada ya nyingine, bila kuruka kibonyezo, cheupe wala cheusi. Huo mteremko ndio unaofanya kilio cha juu kichome moyo. Mpigaji aliyeuficha mkono wa kushoto ili wa kulia usikike "mtamu" amekupa nusu ya kazi, hata akirudia kila nusu.

Binti yangu ana miaka 13, mwalimu wake hampi chochote ila Bach. Yeye anataka Chopin. Nibadilishe mwalimu? (Mama wa Kisumu)

Hapana, mama. Lakini muombe mwalimu amweleze mtoto sababu, maana naona hajaelezwa. Chopin mwenyewe alipokwenda Mallorca majira ya baridi ya 1838 alibeba preludi (vipande vifupi vya utangulizi) na fuga za Bach. Huko alikamilisha preludi zake 24, moja kwa kila ufunguo wa sauti, mpango ambao Bach alikuwa ameutumia kwenye mkusanyo wake wa 1722. Hata alipokaribia siku ya onyesho, alijiandaa kwa kumpiga Bach.

Wanafunzi wa Chopin walisimulia pia kwamba aliwaambia mkono wa kushoto ndio kiongozi wa kwaya: wa kulia unaweza kuchelewa kidogo au kuwahi, lakini kiongozi hayumbi. Hapo ndipo vijana wengi wanapoanguka. Wanasikia kwamba muziki wa Kiromantiki una "hisia", basi mikono yote miwili inayumba kama imekunywa, nokturni, kipande tulivu cha usiku, inageuka usingizi. Bach anamfundisha binti yako mkono wa kushoto unaojitegemea. Akishaupata, mpe moja ya mazurka za Chopin, vipande vya mtindo wa ngoma ya Kipolandi, hata kesho. Kumnyima kabisa hadi amalize madaraja ya mtihani ni ukatili, na mtihani wenyewe nao una mambo yake: namjua mtoto aliyemaliza mwaka mzima na vipande vitatu tu, akafaulu vizuri, na ukimwekea nota mpya mbele anatoa macho.

Nilihudhuria onyesho na mpigaji akakosea nota waziwazi. Kwa bei ile ya tiketi! (Dar es Salaam)

Tarehe 9 Mei 1965 mpiga piano Vladimir Horowitz alirudi ukumbi wa Carnegie Hall, New York, baada ya miaka 12 bila kupanda jukwaani. Alifungua kwa Tokata ya Bach katika C, iliyoandikwa kwa ogani na kuhamishiwa kwenye piano na mtunzi Busoni, na mwanzoni kabisa akakosea, ukumbi mzima ukasikia. Kisha akapiga Schumann, Scriabin na Chopin, na jioni hiyo bado inazungumzwa. Rekodi iliyouzwa wakati ule ilisafishwa mahali mahali. Mwaka 2003 ilitoka isiyosafishwa, nami nawashauri mnunue hiyo. Rekodi za studio, zinazounganishwa vipande vipande, zimewaharibu masikio mkadhani binadamu hupiga hivyo.

Swali lako lingekuwa: baada ya kukosea, alifanya nini? Akikaza mwendo kwa hofu, hapo lalamika.

Nimepata piano kuukuu, imeshapita mikono mitatu, kwa bei ya kutupa. Niichukue? (Tanga)

Kwanza nenda na fundi wa kutyuni, si na mpwa wako anayepiga kinanda kanisani. Piano kubwa ya jukwaani ina nyuzi kama 230 na mvutano wake wote unafika tani 20 hivi. Ndogo ya nyumbani haiko mbali sana kwa shida. Hewa ya pwani inavimbisha mbao na kutia nyuzi kutu. Ubao ulio chini ya nyuzi ukishapasuka, au vigingi vinavyokaza nyuzi vikilegea visishike, umenunua kabati. Na isiwekwe karibu na dirisha la baharini, hata kama ndipo inapopendeza.

Kwa nini wapiga piano hupiga bila nota mbele? (Kigoma)

Mazoea ya karne ya 19, wapiga piano Clara Schumann (mke wa Robert) na Liszt wakiwa mbele. Si sheria. Mpiga piano Sviatoslav Richter uzeeni alipiga akisoma nota, ukumbi ukiwa gizani na taa ndogo tu juu ya ukurasa. Hakuna aliyedai nauli.

Naruhusiwa kurekodi kwa simu nikizima mwanga? (Mombasa)

Hapana. Na ile ya kuiacha itetemeke juu ya kiti cha mbao, tunaisikia.