Nani aliona seli kwanza, na maswali yenu mengine

Safu ya leo ni ya seli tu. Wengi mlioandika ni wanafunzi wa sekondari, wachache ni wazazi.

Kitabu chetu kinasema Robert Hooke ndiye aliyegundua seli mwaka 1665. Mwenzangu anasema ni Leeuwenhoek. Nani yuko sahihi?

Kitabu chako kiko sahihi, lakini mwenzako naye ana hoja. Hooke alikuwa London, kazi yake ikiwa kuwaandalia majaribio wanasayansi wa Royal Society. Alichukua kipande cha koki, gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akanoa kisu chake kidogo mpaka kikawa kama wembe, akakata utando mwembamba mno. Kwa kuwa utando ule ulikuwa mweupe, aliuweka juu ya kibao cheusi na kuumulika kwa lenzi. Akaona vijumba vitupu vimepangana kama sega la nyuki. Hakuishia kushangaa, alihesabu: 1,080 katika inchi moja, yaani zaidi ya 1,259,000,000 katika inchi moja ya ujazo. Aliyaandika hayo katika kitabu chake Micrographia, na jina alilovipa vijumba vile ndilo tunalotumia hadi leo.

Koki ni gamba lililokufa, kwa hiyo alichokiona pale ni kuta tu. Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na hapo simtendei haki Hooke nikinyamaza: aliangalia pia mimea mibichi, akaandika kwamba vijumba vyake vimejaa majimaji.

Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi. Hakupita chuo kikuu. Alisugua mwenyewe lenzi ndogo sana, moja tu kwa kila hadubini, nazo zilikuza vitu kuliko hadubini nyingi za wasomi wa wakati wake. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa akaona viumbe wa seli moja wakiogelea. Mwaka 1676 aliandika barua London kueleza viumbe wadogo zaidi, wakiwemo bakteria. Wengi hawakumwamini, mpaka Hooke mwenyewe alipowaonyesha wenzake viumbe hao mwaka 1677. Basi Hooke alitangulia kuona seli na kuipa jina, na Leeuwenhoek alitangulia kuona seli moja ikiishi peke yake.

Kama seli zilionekana 1665, kwa nini nadharia ya seli ilichelewa hadi 1839?

Vifaa vilikuwa kikwazo kikubwa. Hadubini za lenzi nyingi zilizungushia picha rangi za upinde wa mvua na kuifanya iwe na ukungu. Tatizo hilo lilipungua sana kuanzia miaka ya 1830. Mwaka 1831 Robert Brown alieleza kiini cha seli alichokiona kwenye okidi. Mwaka 1838 Schleiden, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, akasema mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Mjerumani mwenzake Schwann akasema wanyama nao ni hivyo hivyo. Hiyo ndiyo nadharia ya seli.

Lakini wote wawili walidhani seli mpya hujiunda zenyewe ndani ya majimaji, kama chumvi inavyoganda. Aliyewasahihisha ni Robert Remak wa Berlin, aliyefuatilia seli za viinitete zikigawanyika mbili mbili. Rudolf Virchow akaitangaza hoja hiyo mwaka 1855, kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine, na sifa zikamwendea yeye. Remak alikuwa Myahudi aliyekataa kubatizwa, na hakupewa uprofesa kamili. Walimu, mtajeni darasani.

Je, yai la kuku ni seli moja?

Ile sehemu ya njano ndiyo seli, kama yai halijarutubishwa. Ute na ganda huongezwa baadaye yai linaposhuka kwenye mrija wa uzazi. Likirutubishwa, seli huanza kugawanyika kabla kuku hajataga.

Mtoto wangu ana selimundu. Mimi na baba yake tumeambiwa ni wabebaji, lakini hatujawahi kuugua. Na je, ni kweli mbebaji haugui malaria?

Pole sana, mama. Kila mmoja wenu ana jeni moja nzima na moja yenye hitilafu, na ile nzima inatosha kuwalinda. Mtoto wenu alirithi zile mbili zenye hitilafu. Kwa kila mimba, uwezekano huo ni robo. Hakuna aliyekosa kati yenu.

Hitilafu yenyewe ni ndogo ajabu: kiungo kimoja tu kimebadilika katika mnyororo wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ikiachia oksijeni, himoglobini hiyo hushikamana na kuwa nyuzi ndefu zinazoikunja chembe nyekundu ya damu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, iliyopinda siku 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu. Nazo huziba mishipa midogo, ndiyo yale maumivu makali.

Kuhusu malaria, mbebaji huugua, ila ile malaria kali humpata mara chache zaidi. Aliyeonyesha hilo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliyepima damu za watu wa Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo mwaka 1954. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe hana kinga hiyo, na malaria ni hatari sana kwake. Alale kwenye chandarua kila siku, anywe maji ya kutosha, asikose kliniki. Akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tumechora seli mara nyingi lakini hatujawahi kuiona. Shule haina hadubini. Tufanyeje?

Hili linaniuma, kwa sababu somo hili lilianza kwa kutazama. Kituo cha afya cha jirani huenda kina hadubini ya kupimia malaria. Mwalimu aombe nafasi saa ambazo wagonjwa wamepungua. Nendeni na kitunguu. Vunja tabaka moja nene, ubandue ngozi nyembamba ya upande wa ndani, uitandaze kwenye kioo juu ya tone la maji bila mikunjo. Dondoshea ayodini kidogo, funika, anza na ukuzaji mdogo. Mtaona seli ndefu zimepangana kama matofali, na ndani ya nyingi kidoa cha kahawia: hicho ndicho kiini. Chora unachokiona, hata kama hakifanani na mchoro wa kitabuni.