Niliweka tiki kwenye "Usiibe" kila siku, na hela ya mtu nilikuwa bado ninayo

Mleta mada, umesema umeokoka huu mwaka wa pili, umejipangia kufunga siku mbili kwa wiki na kuamka usiku kuomba, lakini bado karibu kila wiki unamdanganya mkeo kuhusu madeni yako, unatubu unalia, kesho unadanganya tena. Unauliza kama wokovu wako ni wa kweli na kama hizi amri bado zinatuhusu. Waliokujibu hapo juu wamegawanyika, nusu wanasema ongeza kufunga, nusu wanasema torati iliishia msalabani acha kujitesa. Mimi nimeishi pande zote mbili, miaka kadhaa kila upande, na kote nilikuwa nimejificha, kwahiyo naomba unisome taratibu maana ni ndefu kidogo.

Kabla sijaokoka kuna hela niliichukua kazini. Wakati nachukua nilijiambia nakopa tu, mshahara ukitoka narudisha kimya kimya, ila mahesabu yakafungwa kabla ya mshahara na upungufu ukaonekana, na siku ile zamu ilikuwa ya kwangu na mwenzangu mmoja. Bosi akamshuku yule mwenzangu. Mi sikusema ni yeye, sikusema si yeye, nilikaa kimya nikiangalia meza. Akakatwa mshahara miezi mitatu, baadaye akaacha kazi.

Nikaokoka kama mwaka mmoja baadaye, na niliokoka kweli, nililia siku ile mpaka shati likalowa. Kanisa nililoingia lilikuwa la masharti makali na mimi nikayapenda hayo masharti. Nikanunua daftari, nikachora kwa rula, Amri Kumi zinashuka upande wa kushoto, siku za wiki zinakwenda juu, kila usiku kabla ya kulala naweka tiki au mkasi, yaani alama ya kukosa. Hasira nilikuwa naweka mkasi karibu kila siku, kutamani hivyo hivyo, nikawa nafunga kwa ajili ya hasira, nakesha kwa ajili ya tamaa. Sasa angalia hapa ndugu yangu, mstari wa "Usiibe" ulikuwa tiki tupu, ukurasa baada ya ukurasa, kwasababu tangu niokoke sikuwa nimeiba tena. Na "Usimshuhudie jirani yako uongo" nayo tiki, maana siku ile si nilinyamaza tu, sikutamka uongo wowote. Yule mtu ananidai, ninamjua jina, namba yake ninayo kwenye simu, na daftari langu linasema kwenye wizi mimi ni msafi. Hata hilo la kunyamaza torati ilishalisema, Walawi 5:1, shahidi anayejua jambo na akaitwa kusema halafu asiseme atauchukua uovu wake. Nilikuwa nashika amri kumi bila kusoma torati yenyewe, ambayo marabi waliihesabu ina amri 613, na nyingi katika hizo zinahusu mtu na jirani yake, ng'ombe wake, shimo lake, deni lake.

Nilichoka. Yaani kuchoka kwa ndani, mpaka nikawa naogopa usiku kwasababu usiku ndio wa daftari. Baadaye nikahamia ushirika mwingine ambako walifundisha neema, wakafundisha vizuri tu, Wagalatia yote, Warumi 3 mpaka 5, na ile Matendo 15 ambapo mitume walikaa Yerusalemu kujadili kama watu wa Mataifa watahiriwe na kushika torati ya Musa, Petro akasema kwanini mnawatwika kongwa ambalo baba zetu wala sisi hatukuweza kulichukua. Niliposikia neno kongwa nilihisi mabega yanashuka. Nikalichana daftari. Na sijutii kulichana, nisije nikaeleweka vibaya, ile habari kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani ni kweli na mpaka leo ndiyo ninayoisimamia.

Ila nikafanya nayo kitu kibaya. Kila nikimkumbuka yule mwenzangu nasema hatuko chini ya sheria, Mungu alishasamehe, zimefutwa, shetani asiniletee ya kale. Hiyo "hatuko chini ya sheria" ni Warumi 6:14 na mi niliishi kwenye mstari wa 14 miaka mitatu bila kushuka mstari wa 15, ambako Paulo anauliza je tufanye dhambi kwasababu tuko chini ya neema, na anajibu mwenyewe, Hasha. Ndugu wanaosema humu kwamba Mkristo hana habari na amri kabisa, jamani, hata Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa Ujerumani ambaye wengi mnamtaja, kuna mwenzake aliyekuwa karibu naye anaitwa Johann Agricola alianza kufundisha kwamba sheria isihubiriwe kanisani, na Luther alimpinga waziwazi, mwaka 1539 akaandika kabisa dhidi ya mafundisho hayo. Na Luther ndiye mtu aliyekuwa mtawa anayekaa kwenye kitubio masaa, anayeijua sheria inavyoweza kumponda mtu. Aliiogopa neema ya namna ile.

Kilichonishika mimi ni kitu kidogo. Nilikuwa kwenye ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka, nikafika Walawi, pale ambapo watu wengi tunaruka, nikasoma Walawi 6 mwanzoni. Inasema mtu akimkosea BWANA kwa kumdanganya mwenzake kuhusu amana au kumnyang'anya au kumdhulumu, arudishe kile alichochukua kikamilifu, aongeze juu yake sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka ya hatia. Halafu ndio kuhani anamfanyia upatanisho kwa kondoo dume. Hesabu 5 inakwenda mbali zaidi, inasema kama aliyedhulumiwa hana jamaa wa kupokea, malipo yanakwenda kwa kuhani, yaani hata kifo hakifuti deni. Nilisoma nikarudia. Kumbe sadaka ilikuwepo, damu ilikuwepo, msamaha ulikuwepo, na hakuna kati ya hivyo kilichomruhusu mwizi kubaki na hela. Na Yesu kwenye Mathayo 5 anasema kitu hicho hicho, umefika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, nenda kwanza. Anasema ndugu yako ana neno juu yako, sio wewe una neno juu yake. Sisi tunapenda kuusoma kinyume, tunaona unahusu wale tunaotakiwa kuwasamehe.

Nikapiga simu. Ilinichukua wiki mbili kupiga, na mara ya kwanza alipopokea nilikata. Tulipokutana nilimwambia yote kwa sentensi kama tatu maana zaidi ya hapo ningeanza kujitetea, nikamwekea hela mezani. Nilikuwa nimepiga hesabu, jumla waliyomkata miezi mitatu nikaongeza ile sehemu ya tano. Alizihesabu mara mbili, pole pole, kwa kidole gumba, hanitazami. Alipofika kwenye kiasi kilichokuwa chake akazipanga vizuri, zilizobaki akazisogeza upande wangu akauliza, hizi za nini. Nikasema ni za ule muda. Akasema, ule muda nilishindwa kulipa kodi ya nyumba, mke wangu akarudi kwao na mtoto, unajua ule muda ni kiasi gani? Sikuwa na jibu. Akazichukua zote mwishoni, akasimama, akasema hela nimepokea, hayo mengine niache nayo kwanza.

Hakunikumbatia, hakusema nimekusamehe, na mpaka naandika hapa ni mwaka wa nne hajasema. Nilitaka sana aseme. Watu wakitoa ushuhuda huwa tunaishia pale ambapo wote wanalia na kushikana mikono, langu halikuishia hivyo, na nilipomlalamikia Mungu nilikuja kuona hata hapo bado nilikuwa namdai yule mtu kitu kingine, namdai aniondolee uzito. Sikuwa na haki ya kudai.

Sasa tuje kwako. Umenukuu Warumi 7, lile nipendalo silitendi bali lile ninalolichukia ndilo ninalolitenda. Ni maneno ya kweli na ukiyasoma unalia, ila Paulo hakuishia pale, na hakuyaandika ili tukae ndani yake kama nyumba. Nakuuliza tu, huo uongo unamdanganya nani? Mkeo. Toba unaipeleka kwa nani? Kwa Mungu, usiku, mlango umefungwa, yeye amelala chumba hicho hicho. Unafunga siku mbili kwa wiki na yeye pengine anajua unafunga na anakuheshimu kwa hilo, huku hajui mnadaiwa kiasi gani. Isaya 58 inaongelea watu hivi hivi, wanafunga wanashangaa kwanini Mungu haoni, na Mungu anawaambia siku ya kufunga kwenu mnawaonea wengine. Kwahiyo siwezi kukwambia ongeza kufunga, na wale wanaosema usijitese torati ilishapita siwezi kuungana nao pia, maana wote wawili wanakuacha ubaki peke yako na Mungu na siri yako. Unarudia kila wiki kwasababu deni bado limefichwa, na deni lililofichwa linataka uongo mpya kila mtu akiuliza.

Paulo kwenye Wagalatia 3:24 anaiita torati kiongozi wa kutuleta kwa Kristo, na kwa Kiyunani neno lile alikuwa mtumwa wa nyumbani anayemshika mtoto mkono kumpeleka kwa mwalimu. Sio mwalimu mwenyewe, ni wa kukufikisha. Mimi alinishika mkono akanipitisha kwanza kwa yule mwenzangu wa kazini, na naamini kabisa ilikuwa njia ile ile. Zakayo, yule mtoza ushuru, alipokubali kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22 inamtoza aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza, Yesu hakumwambia acha hizo uko chini ya neema. Alisema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Ninachokuomba, kaa uandike kila deni kwenye karatasi, jina na kiasi, usiache hata dogo lile unaloliona la aibu zaidi, halafu mpe mkeo aisome mwenyewe na wewe unyamaze. Usianze na mistari ya Biblia wala usimwombe akusamehe palepale. Kama unahofia itakuwa ugomvi mkubwa wa kuumizana, nenda na mzee wa kanisa ambaye nyote mnamwamini, ila asiende badala yako. Na kwa wale mnaoungama kitu kile kile kilichosharudishwa na kusamehewa miaka kumi iliyopita, hili langu sio lenu, ninyi mnahitaji kupumzika.

Bado nadanganya wakati mwingine. Wiki iliyopita nilimwambia mtu meseji yake sikuiona na niliiona. Nilimpigia baada ya saa moja nikamwambia niliiona ila nilikuwa sitaki kujibu, alikasirika kidogo, tukaongea. Daftari sina tena.

Ukishampa ile karatasi njoo uniandikie inbox hata kama imekwenda vibaya, hasa kama imekwenda vibaya. Nitakuwa naomba kwa ajili yenu wawili.