Kimepimwa, kina hati, imefika lenta: maneno yaliyonila hela kabla sijahamia kwangu

Mzee aliyetaka kutuuzia kiwanja cha kwanza kule Kibaha alikuwa na neno moja tu mdomoni: "Kimepimwa." Akatutembeza kwenye kona zote nne, akafyeka majani kwa panga, akatuonyesha bikoni, vile vijinguzo vifupi vya zege vyenye pini ya chuma katikati. Mimi na mume wangu tukatazamana. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Tabata kwa miaka sita, na bikoni kwa macho yetu ilikuwa kama cheti cha ndoa. Jumamosi hiyo hiyo tukatoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali, cha milioni moja na nusu.

Jumatatu nikaenda ofisi za ardhi za halmashauri. Dada wa pale akafungua mchoro wa mipango miji, akasogeza kidole, akaniuliza taratibu, "Unasema karibu na huo mwembe?" Kwenye mchoro lile lilikuwa eneo la wazi, si la kujenga nyumba. Bikoni zilikuwepo, ndiyo. Mtu alilipwa akazichimbia. Kwenye vitabu vya serikali hazikuwa na maana yoyote. Katika ile hela tulirudishiwa nusu, na hiyo nusu tuliifuata mara nne.

Neno "kimepimwa" lina matumbo matatu, yaani maana tatu. La kwanza, kuna jamaa kapita na futi kamba akakata shamba vipande vya 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400 kila kimoja, akachora kwenye daftari. La pili, mpima mwenye leseni amekuja na mashine yake, amechukua vipimo na kuweka bikoni. La tatu, ramani ya huo upimaji imepelekwa na kuidhinishwa, kiwanja kimepata namba na kitalu, na mchoro wa mipango miji unasema hapo ni makazi. Ukitaka hati, ni hilo la tatu tu. Siku hizi muuzaji akiniambia kimepimwa namuuliza, "Namba ya kiwanja ni ngapi, kitalu gani?" Anayeanza kunieleza habari za barabara ya lami inayokuja, namshukuru na kuondoka.

Na hizo barabara zenyewe zina neno lao: hifadhi ya barabara, yaani ule ukanda wa pembeni uliotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipandisha kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mikoa, zikihesabiwa kuanzia katikati ya barabara. Watu wa Kimara hadi Kiluvya hawahitaji kusimuliwa. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na pale eneo lililodaiwa ni la barabara lilikuwa pana kuliko hizo mita 30. Wengi walikuwa na makaratasi. Kwa hiyo kiwanja cha "hapa hapa barabarani" kwangu mimi kinaanza na maswali.

Tuje kwenye hati. Mjini kila karatasi yenye mhuri inaitwa hati, na madalali wanalijua hilo vizuri. Mkataba wa mauziano mlioandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana. Haukupi umiliki uliosajiliwa. Leseni ya makazi hutolewa kwenye maeneo yaliyojengwa kiholela, ni ya muda mfupi na huwa unaihuisha. Hati ya hakimiliki ya kimila ni ya ardhi ya kijiji. Barua ya toleo, ambayo wazee wetu bado wanaiita ofa, ni serikali inakuambia masharti ya kukumilikisha; kama muuzaji ana ofa tu, kuna safari hajaimaliza na wewe ndiye utakayeimalizia. Hatimiliki yenyewe ni ya miaka 33, 66 au 99. Ndiyo, ina mwisho. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake; sisi tunamilikishwa haki ya kuitumia. Kaka yangu alinunua nyumba akidhani amepata miaka 99. Kwenye hati ikasomeka 33, na mwenye nyumba wa kwanza alishakula 21.

Hata hati ikiwa mkononi mwa muuzaji, fanya upekuzi. Unalipia ada kidogo, msajili wa hati anakupa majibu kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani benki au hakuna, kuna zuio la mahakama au la mtu anayedai. Watu wanalipa milioni 40 bila kufanya hivyo kwa sababu "mzee ni mtu wa dini". Na ukute mzee ana mke, basi mke naye asaini. Kama nyumba ni ya familia, ridhaa ya mwenza si hisani.

Kodi nazo zinachanganywa. Pango la ardhi linalipwa kila mwaka na mwenye kiwanja, hata kama umepanda mihogo tu, na deni lake hulikuti limeandikwa kwenye bikoni. Muombe muuzaji risiti. Kodi ya jengo ni nyingine kabisa, na tangu mwaka 2021 inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Ndiyo maana mpangaji anailipa bila kujua, halafu mwenye nyumba anajisifu hadaiwi.

Sasa ujenzi, ambako ndiko nilikoumia hasa. Tulipopata kiwanja kingine nilikubaliana na fundi "kuinua boma mpaka lenta", yaani kuinua kuta, kwa bei iliyonifurahisha nikalala usingizi. Msingi ulishakwisha, kifusi kimeshindiliwa, jamvi la zege limemwagwa. Kozi za tofali zikapanda, madirisha yakaonekana. Siku ya lenta nafika saitini asubuhi nakuta mafundi wamekaa chini ya mpera.

"Vipi fundi, leo hatumwagi?"

"Tunamwaga mama, tunasubiri saidia."

"Si unao?"

"Saidia ni wa bosi, ndiyo wewe mama. Mimi nilikupa bei ya fundi. Na mbao za kufungia, na mirunda, na misumari."

Nikakaa na mimi chini ya mpera. Hakuniibia, kwake "bei ya ufundi" ilikuwa hiyo miaka yote. Saidia ndio wanaobeba zege na tofali, kwangu nilidhani wanakuja na fundi kama vile mchuzi unavyokuja na nyama. Na lenta yenyewe nilidhani ni ule mstari wa juu ya madirisha tu, kumbe ni mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima, na nondo zake, ringi zake, waya wa kufungia, kokoto, vyote havikuwa kwenye hesabu yangu. Siku ile zilitoka laki tisa ambazo zilikuwa za ada ya shule.

Tangu hapo naandika kwenye karatasi kabla ya mtu kushika mwiko: ufundi peke yake au ufundi na saidia, mbao za nani, maji ya nani, na "mpaka lenta" ni kabla ya kumwaga au baada. Ukimweza mkadiriaji majenzi akutengenezee mchanganuo wa gharama, mlipe. Kwa nyumba ya vyumba vitatu atakula kiasi, lakini utajua unanunua nondo ngapi za milimita 12 kabla fundi hajakuambia "ongeza mbili tatu".

Tripu nayo si kipimo. Lori la kwanza la mchanga lilikuja limevimba katikati kama kichuguu, la pili likaja tambarare, bei ile ile. La tatu nikapanda na futi kamba, dereva akicheka: bodi urefu mita 3.5, upana 2.2, mchanga umefika sentimita 60. Hiyo ni kama mita za ujazo 4.6. Nikamwambia kuanzia leo tunauziana kwa hizo. Akaacha kucheka, ila aliendelea kuleta.

Mwisho zikatuishia, tukaenda kuulizia mkopo wa milioni 20 wa kupaua na kumalizia. Kijana wa mikopo akatuambia riba ni asilimia 18, miaka mitatu. Mume wangu akaanza kutafuta kalamu. Nikauliza, inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote? Maana ikipigwa kwenye salio, rejesho ni kama shilingi 723,000 kwa mwezi na riba yote inafika karibu milioni 6. Ikipigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, rejesho linakuwa kama 855,600 na riba ni milioni 10.8. Neno ni lile lile, 18. Yule kijana akafunga faili, akasema ngoja amuulize mkubwa wake.

Hatukuuchukua. Tulipaua kwa hela ya kikoba, nusu mwezi wa saba, nusu mwezi wa kumi na mbili, na duka lilikuwa limeshabadilisha mzigo. Ukija kwetu utaona bati za upande wa jikoni ni nyekundu iliyoiva zaidi kuliko za mbele.