Elfu thelathini na mtindi uliovimba

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Ukiandikiwa na trafiki, unalipa yaishe au unabisha? Na ilikugharimu nini?" Mimi nina kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo, kinachosambaza maziwa na mtindi kutoka Segerea hadi madukani Sinza na Mwenge, kwa hiyo swali limenikuta na risiti mkobani. Nimewahi kulipa, nimewahi kubisha, na mara moja nimefanya yote mawili kwa mpangilio mbaya: nikalipa kwanza, ndipo nikabisha. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, barabara ya Mandela kati ya External na Riverside. Dereva wangu alisimamishwa kwa ukaguzi wa kawaida. Leseni ipo, bima ipo, kizimamoto kipo, pembetatu zipo. Askari akaingiza namba ya gari kwenye mashine yake, mashine ikasema gari linadaiwa: 30,000 ya mwendo kasi, na 7,500 juu yake kwa kuchelewa kulipa. Mahali pa kosa, mbele ya Chalinze.

Kirikuu changu hakijawahi kuvuka Kibaha hata kwa msiba. Na tarehe iliyoandikwa pale nilikuwa naikumbuka vizuri, maana siku hiyo gari lilikuwa Gerezani kwa fundi, limewekwa juu ya mawe, giaboksi imelala kwenye turubai kama mgonjwa.

Nikapanda bodaboda nikaenda. Nilipofika, barafu kwenye madeli mawili ya kuhifadhia mtindi ilikuwa imeshageuka maji na pakiti za juu zimeanza kuvimba. Nikamwambia askari deni hili si langu. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, mimi sijaandika, mimi nasoma tu. Lipa gari liende, au tulipeleke kituoni ukafuatilie." Mwenye mzigo wa mbao angeweza kufuatilia. Mwenye mtindi hawezi. Nikachukua namba ya malipo, nikalipa kwa simu palepale kando ya barabara, na makato ya muamala juu yangu.

Jioni nikakaa na daftari. Faini na nyongeza yake, 37,500. Pakiti 46 za mtindi zilizorudi nyumbani hazifai kuuzwa, kila moja 1,500, hiyo ni 69,000. Bodaboda zangu za kwenda na kurudi na ile ya kumwahishia mteja wa Mwenge mzigo wake, 12,000. Jumla 118,500, na hapo sijaandika duka moja la Sinza lililochukua mtindi wa mtu mwingine siku hiyo na mpaka leo halijanirudia. Faini yenyewe haikufika hata theluthi ya hasara.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "elfu thelathini tu, lipa uende" najua hana biashara inayoharibika. Na tukiwa hapohapo: mwaka 2021 serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, jambo jema. Ila kirikuu kina magurudumu manne, kwa hiyo mimi na semitrela linalopeleka mzigo Zambia tunalipa sawasawa. Na hiyo ni kwa kila kosa. Ukisimamishwa mara moja ukakutwa na makosa matatu, ni 90,000.

Jambo nililojifunza kwa kuchelewa ni kwamba deni hukaa kwenye namba ya gari. Dereva anaweza kuandikiwa Jumatatu, akaficha karatasi chini ya kiti, akaacha kazi Ijumaa, nawe ukaja kulipa na nyongeza. Anayenunua gari la mkononi naye aangalie kabla hajatoa hela, maana atanunua na makosa ya mwenzake. Kuangalia ni bure: unaingia kwenye mfumo wa usimamizi wa makosa ya barabarani wa Jeshi la Polisi, ule wanaouita TMS, unaandika namba ya gari, unaona kila kitu. Mimi nilikuwa sijawahi. Laiti ningeangalia mwezi mmoja kabla, ningekwenda kubisha gari likiwa limeegeshwa nyumbani na mtindi uko kwenye friji.

Sasa kubisha kwenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na habari ya kuandikiwa imo kifungu cha 95. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: askari anakuarifu kosa, ukilikubali unalipa faini iliyopangwa na mambo yameisha, usipolikubali, mahali pa kulimalizia ni mahakamani. Maana yake kulipa ni kukiri. Hilo nililisikia mara ya kwanza kituoni nilikokwenda kulalamika, kutoka kwa kijana wa mapokezi: "Mama, kama hukukosa, kwa nini ulilipa?" Nilikosa la kumjibu. Nikitazama nyuma, lilikuwa swali la haki.

Mahakamani wengi hatufiki, na si kwa sababu tuna makosa. Tunahesabu siku. Unakwenda, kesi inaahirishwa, unarudi, na dereva siku hizo zote yuko kwenye benchi badala ya usukani. Tena hakimu halazimiki kubaki kwenye elfu thelathini ile ukikutwa na hatia. Ningekwenda kwa jambo ambalo linagusa leseni au ajali. Kwa faini moja, ningeanzia kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, na akishindwa, wa mkoa. Na ningekwenda na vitu, si maneno: kadi ya gari, risiti ya fundi yenye tarehe, na picha.

Picha ndiyo roho ya jambo. Ukipigwa tochi, ile kamera ya kupima mwendo, omba kuoneshwa picha kabla hujakubali chochote. Angalia namba ya gari herufi kwa herufi, kasi, saa na mahali. Usigombane, omba tu, wengi wanaonesha. Kama unaona kibao cha 50 hakipo pale panapodaiwa kipo, shuka upige picha nguzo ikiwa tupu siku hiyohiyo, maana wauza vyuma chakavu na mafundi wa barabara hawapangi ratiba na wewe. Chukua na namba ya askari iliyoko begani. Dakika kumi za kwanza kando ya barabara zina thamani kuliko wiki tatu za kuzunguka na bahasha.

Najua kuna atakayenicheka: yote hayo ya nini, si ungetoa kumi ya maji yaishe? Kumi ya maji haina risiti, deni linabaki pale pale kwenye mashine, na mtoaji ana kosa sawa na mpokeaji. Ukiombwa, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wana namba 113.

Mimi nilikwenda kituoni mara tatu. Mara ya tatu nikampata mkubwa mwenye subira, akafungua picha ya lile kosa la Chalinze. Lilikuwa gari dogo jeupe, namba inafanana na yangu isipokuwa herufi ya mwisho: yao ni B, yangu D, na bati lao limeliwa na tope pembeni. Tukacheka wote wawili, yeye zaidi. Kosa likaandikwa kuwa si la gari langu. Hela ndiyo nimeambiwa niombe kwa barua, kwa kuwa imeshaingia serikalini. Barua nimepeleka, nakala yenye muhuri ninayo, na muhuri huo umenigharimu nauli nyingine.

Siku hizi kila Jumatatu, maji ya chai yakiwa jikoni, naandika namba ya kirikuu kwenye mfumo. Wiki nyingi ni tupu. Jumatatu iliyopita likatokea moja: kutosimama kwenye zebra, Mwenge, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Nikamgeuzia dereva simu. Akaisoma, akaangalia viatu vyake.

"Hiyo ni ya kwetu, mama."

Nikalipa kabla chai haijachemka.

Msomaji wenu,
Segerea, Dar es Salaam