Mchuzi wa karanga usio na sukari, je, ni mtamu?

Ndugu uliyeuliza kama ni kosa kuuita mchuzi wa karanga "mtamu" ilhali haukutiwa hata chembe ya sukari, hukukosea, na aliyekusahihisha ameufinya utamu kuliko Waswahili wenyewe wanavyoufinya.

Mimi hufundisha Kiswahili hapa Jinja, Uganda, na swali hili hunijia kila mwaka. Karanga zilizotwangwa zikachemshwa polepole hadi mafuta yakaelea juu, kisha mchuzi wake ukamwagwa juu ya matoke, ni tamu kwa sababu ulimi umeridhika. Kinyume cha utamu huo ni kuwa chapwa, yaani chumvi haijakolea. Kwa dawa ya mwarobaini kinyume chake ni uchungu. Na kwa visima vya pwani ni chumvi, ndiyo maana watu wa huko husema "maji matamu" wakimaanisha ya kunywa.

Anayetoka katika Kiganda hupata wepesi hapa, kwa kuwa neno lao la utamu, okuwooma, nalo huifaa asali na nyama ya kuchoma vilevile. Ugumu huanza utamu unapotoka mezani. Kwa sherehe au mazungumzo, Waganda huwa na kitenzi kingine, okunyuma, lakini Mswahili hulibeba neno lake lilelile: sauti tamu, usingizi mtamu, hadithi tamu. Wasikilizaji wa ngano hata huitikia, "Hadithi njoo, utamu kolea," na huko kukolea ni kwa chumvi na viungo chunguni! Nalipenda sana itikio hilo, kwani linaonyesha kwamba kwa Mswahili sikio nalo huonja.

Hata hivyo, upana huu huleta utata. Mwanafunzi mmoja alipokunywa chai ya shuleni akasema, "Chai hii si tamu," mpishi wetu, mama aliyekulia Mombasa, alinuna hadi jioni, kwa kuwa alisikia kwamba chai yake ni mbaya, wakati kijana alitaka kijiko kimoja tu cha sukari. Angesema, "Mama, sukari haijakolea," wangeelewana mara moja.

Jihadhari pia unapowasifu watu. Ukimwambia mtu kwamba yeye ni mtamu, maneno hayo husikika kama ya mahaba. Kama ni ucheshi wake uliokufurahisha, mwambie kwamba mazungumzo yake ni matamu.