Maswali ya Wasomaji: Bunduki Nyepesi ya Bolti

SWALI: Mhariri wa safu, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Oulu, Ufini. Nimefaulu mtihani wa wawindaji, na kikundi cha uwindaji cha kijijini kwa wakwe zangu kimenikaribisha katika msimu wa hirvi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa kaskazini. Wenzangu karibu wote wananishauri ninunue bunduki nyepesi ya Tikka T3x Lite, na muuzaji anasisitiza niichukue katika kaliba (yaani ukubwa wa risasi) ya .300 Winchester Magnum ili nisije nikajuta. Wewe umekwisha kuandika kwamba unayo bunduki hiyo. Je, wepesi wake una faida ya kweli, na kaliba hiyo inanifaa?

JIBU: Ndugu yangu wa Oulu, niruhusu nianze na kaliba, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua kama utaipenda bunduki hiyo au utaiuza kabla ya msimu wa pili. T3x Lite, inavyotoka katika kiwanda cha Sako kule Riihimäki, ina uzito wa takriban kilo 2.9. Ukiifunga darubini ya wastani pamoja na vishikizo vyake, mkanda na risasi tatu ndani ya magazini (kisanduku cha risasi), utajikuta umebeba kilo tatu na nusu au zaidi kidogo. Kwa mtu anayetembea tangu alfajiri katika msitu wenye vinamasi, huo ni wepesi ambao bega litaushukuru kabla jua halijafika utosini. Lakini uzito uliopunguzwa katika mtutu na kitako ni uzito ambao hautakuwapo kuizuia bunduki inaporudi nyuma. Hesabu yake haina ubishi: kwa risasi ileile, nishati ya kurudi nyuma hupanda kadiri uzito wa bunduki unavyoshuka, hivyo bunduki ya kilo 3 hupiga bega kwa nishati inayozidi ile ya bunduki ya kilo 4 kwa theluthi moja. Juu ya hayo weka tofauti ya baruti, kwa maana ganda la .308 Winchester huchukua takriban gramu 3, ilhali la .300 Winchester Magnum huchukua gramu nne na nusu au zaidi. Mwindaji mzoefu aliyezoea teke la namna hiyo anaweza kulivumilia. Mgeni hujifunza kufumba macho na kukaza bega kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni kazi kubwa kuing'oa.

Sheria ya Ufini nayo haikulazimishi ufike huko. Kwa hirvi inataka kichwa cha risasi kisichopungua gramu 9 chenye nishati ya jouli 2,700 (jouli ni kipimo cha nishati) katika umbali wa mita 100, au kichwa cha gramu 10 na kuendelea chenye jouli 2,000. Masharti hayo hutimizwa bila taabu na .308 na .30-06, na hata na 6.5x55, risasi iliyobuniwa na Waswidi na Wanorwe katika miaka ya 1890, ambayo ikiwa na kichwa cha gramu 10.1 imekuwa ikiangusha hirvi wa Skandinavia kwa zaidi ya karne moja. Yangu ni ya 6.5x55, na sijawahi kutamani zaidi ya hapo. Kumbuka pia kwamba jaribio la kulenga utakalofanyiwa kabla ya kuwinda hirvi linataka risasi nne ziingie ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 23 kutoka mita 75, na kishindo hakiongezi alama.

Sasa kuhusu bunduki yenyewe. Sifa yake kubwa, na hapa sioni haya kuisifu, ni bolti, kile kipande cha chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kuingiza risasi na kuifungia nyuma ya mtutu. Inateleza kana kwamba imepakwa samli, na kwa kuwa inahitaji kuinuliwa nyuzi 70 tu badala ya 90, mkono uliovaa glavu nene haugongani na darubini. Kifyatuo hurekebishwa kwa ufunguo mdogo wa skrubu kati ya kilo 1 na kilo 2 hivi. Kwa baridi ya huko ningekiacha karibu na kilo moja na nusu, kwa sababu kidole kilichokufa ganzi hakipimi vizuri. Magazini ni ya plastiki, risasi hupangwa moja juu ya nyingine katika safu moja, na hubeba tatu tu. Watu huidharau wanapoishika dukani, lakini haipigi kelele na hulisha risasi bila kukwama. Lalamiko la haki ni bei ya magazini ya akiba, nami naona ni ghali mno kwa kipande kidogo kama kile.

Kitako cha nyuzi na plastiki kina mlio wa utupu kinapogongwa na tawi, ingawa katika T3x waliweka sponji ndani ili kuupunguza. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kizuizi cha usalama. Kina hatua mbili, na kikifungwa hukaza kifyatuo na bolti kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuitoa risasi iliyomo chemba, yaani iliyokwisha kuingizwa mtutuni, bila kukiachia kwanza. Si kasoro ya hatari, mradi uzoee kuuelekeza mtutu ardhini, mbali na watu na mbwa, kila unapoiondoa risasi mwisho wa mawindo.

Kuhusu kiwambo cha kuzuia sauti, ambacho Ufini ni kitu cha kawaida na halali, nakushauri ununue bunduki yenye mtutu uliokatwa nyuzi za kukifungia. Kitaongeza gramu mia tatu na kitu mbele ya mtutu, na mtu anaweza kuuliza kuna maana gani kununua wepesi kisha kuuongezea uzito. Maana ipo: uzito huo umekaa mahali unapotuliza mkono wakati wa kulenga ukiwa umesimama, teke linapungua, na masikio yako na ya mbwa yanasalimika. Wewe unayewinda kwa kikundi, mara nyingi ukiwa umesimama zamu kumngoja mnyama anayesukumwa na mbwa, utafaidika na utulivu huo kuliko mtu anayepanda milima. Ukikuta T3 ya zamani, iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2016, kwa bei nafuu, usiikimbie. Tofauti zake na T3x ni za kitako na vipande vidogo zaidi kuliko za bolti au mtutu.

SWALI: Nilizaliwa Uvira na sasa ninaishi Missoula, Montana. Nimenunua bunduki nyepesi ya aina hiyohiyo, ya kaliba ya .308. Nikilenga kwenye meza ya uwanja wa shabaha, risasi tatu za kwanza hukaa pamoja vizuri, lakini ya nne na ya tano hupanda juu na kulia. Rafiki yangu anasema mtutu ni mbovu. Je, niurudishe?

JIBU: La, usiurudishe bado. Kiwanda chenyewe huahidi risasi tatu ndani ya takriban milimita 29 kwenye mita 100, na idadi hiyo ya tatu ina sababu yake. Mtutu mwembamba hupata moto upesi, na chuma kikipata moto, mikazo iliyomo ndani yake huusogeza mdomo wa mtutu kidogo. Piga tatu, acha bolti wazi mpaka uweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kuona joto, kisha endelea. Katika mawindo risasi ya kwanza, ile ya mtutu wa baridi, ndiyo yenye kazi, kwa hiyo daftari la mwindaji linapaswa kuandika risasi ya kwanza ya kila siku ilipoingia. Hilo lina faida kuliko kupima ukubwa wa duara la risasi tano.

Lakini kabla ya kuulaumu mtutu, jitazame unavyoshika. Bunduki nzito hulala juu ya mfuko wa mchanga na kujilenga karibu yenyewe. Nyepesi huanza kuruka kichwa cha risasi kikiwa bado ndani ya mtutu, na ukiiacha iruke kwa namna tofauti kila mara, risasi zitatawanyika. Shika sehemu ya mbele ya kitako kwa mkono wa kushoto, ikandamize kidogo kwenye mfuko, vuta kitako begani kwa nguvu ileile kila safari, na usiuweke mtutu wenyewe juu ya kitu chochote kigumu. Ukishapata kipimo cha darubini, ondoka mezani. Fanya mazoezi ukiwa umekaa chini, umepiga goti, au umeegemea fimbo, kwa kuwa kwenye miteremko ya Montana hakuna meza.

Kama utataka wepesi zaidi siku za usoni, tazama uzito umepunguzwa wapi. Melvin Forbes, mtengenezaji wa bunduki wa West Virginia, Marekani, aliyeanza kuuza bunduki zake katika miaka ya 1980 zikiwa na kilo mbili na robo hivi, alipunguza sana kwenye kitako, akakitengeneza kwa nyuzi za Kevlar na kaboni kiwe chepesi na kigumu kwa pamoja. Njia hiyo naiona bora kuliko kuchonga mtutu mpaka ubaki kama ufito. Tikka kwa upande wake hutumia mwili (sehemu ya chuma ambamo bolti huteleza) wa urefu mmoja kwa kaliba zake zote, hivyo .308 yako haipati ule ufupi ambao risasi fupi ingeweza kuruhusu. Wamarekani wengi hulilalamikia jambo hilo, nami nawaunga mkono, ingawa si sababu ya kuikataa bunduki inayopiga vizuri namna hiyo.

SWALI: Shikamoo. Nipo Morogoro, nina kibali cha silaha, na ndugu yangu aliye Ulaya anataka kuniachia bunduki yake nyepesi ya .30-06. Je, naweza kuitumia kwa nyati?

JIBU: Marahaba. Kwa nyati hapana, hata kama mtu atakuambia aliwahi kuona ikifanyika. Kaliba ya .375 ndiyo kiwango cha chini kinachodaiwa kwa mnyama huyo katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, na bunduki ya .375 H&H inapaswa kuwa na kilo nne au zaidi ili uweze kuirudia shabaha upesi baada ya risasi ya kwanza. Hapo wepesi ni hasara tupu. Kwa swala, ngiri na kongoni, .30-06 inatosha kabisa, lakini usikubali zawadi hiyo kabla hujazungumza na polisi kuhusu uingizaji na umilikaji wake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kabla hujaulizia kama risasi zake zinapatikana kwa muuzaji mwenye leseni unayeweza kumfikia.